Tarumbeta Lililobonyea Ubavuni

3 Mei

Kwako Bwana Muuza Vyuma vya Jeshi,

Kabla hujaendelea kusoma, kaa wima, maana anayekuandikia ni askari aliyepigana vita viwili, akavuka mto huku risasi zikimpita masikioni, na mgongoni kambeba kamanda wake kama gunia la mchele.

Mke wangu amesimama nyuma yangu anasoma. Amecheka mpaka kashika fremu ya mlango asianguke. Haya, nianze tena. Nilikuwa mpishi wa kambi. Nililobeba mgongoni lilikuwa gunia la mchele kweli, na risasi nilizozisikia nikiwa chini ya meza ya vitunguu zilikuja kujulikana kuwa ni masufuria yaliyoanguka stoo. Ndiyo maana hadi leo naitwa Babu Sufuria. Shule nayo niliiacha mapema kabla haijaniacha yenyewe, kwa hiyo ukikuta herufi imelala, iamshe mwenyewe usome.

Lakini kwamba nakusanya vitu vya kale vya jeshi, hilo hata mke wangu halikatai, analilalamikia tu. Nina kofia za chuma, chupa ya maji yenye tundu, na dira ambayo kaskazini kwake ni popote penye jiko.

Shida yangu ni hii. Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, ni Koplo. Huyu alikuwa mpiga tarumbeta wa kikosi chetu. Akipuliza, hata mkaidi alivaa buti. Mwezi ujao sisi wastaafu tuna gwaride letu la mwaka, na chama kimemwomba Koplo apige mwito wa kuwakumbuka wenzetu waliotangulia, kwa mara yake ya mwisho kabla hajawaachia vijana. Amekataa kushika tarumbeta jipya la bendi ya vijana. Anasema lile ni la kuitia mbwa. Anataka la zamani, la shaba, mfano wa lile alilolirudisha stoo siku aliyostaafu. Na mimi, mdomo wangu huu usio na komeo, nikasema kwa kinyozi watu wote wakisikia: "Koplo, acha kununa, mimi nitakupatia." Ukiahidi kwa kinyozi umeahidi mji mzima.

Sasa, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Muuzaji mmoja aliniuzia upanga wa kanali. Nilipoutoa kutu nikakuta ni nondo ya dirisha. Mwingine kaniuzia nishani ya ushujaa, na nyuma yake, chini ya uchafu, imeandikwa: Mshindi wa Tatu, Kuogelea. Wote wawili walinipa hadithi kwanza. Machozi, mashujaa, mabomu. Nimejifunza kwamba chuma kikija na hadithi ndefu, hadithi ndiyo inayouzwa, chuma ni nyongeza.

Kwa hiyo wewe nakuuliza swali moja tu, ninalomuuliza kila muuzaji siku hizi: una tarumbeta la jeshi, la shaba, la zamani? Na kama unalo, niambie ubaya wake. Uzuri wake nitauona mwenyewe.

Wako,
Babu Sufuria


11 Mei

Mzee wangu Babu Sufuria,

Shikamoo.

Kwanza, mimi si Bwana. Bwana alikuwa mume wangu, Mungu amrehemu, na kazi yake hapa dukani ilikuwa kupangusa vumbi na kuvunja vioo vya makabati. Vyuma ni vyangu tangu mwanzo. Mjini hapa naitwa Mama Vyuma.

Tarumbeta ninalo. Ubaya wake ndio huu. Limebonyea ubavuni, mahali ambapo mtu kalikalia. Shingo limewahi kuvunjika likatiwa lehemu, na aliyelitia alikuwa na haraka. Kipande cha mdomo si chake, kimetolewa kwenye tarumbeta jingine la umri huohuo. Mnyororo haupo. Kuna jina lililokwanguliwa kwa msumari, na juu yake mtu mwingine kakwangua ili lisisomeke, kwa hiyo usiniulize lilikuwa la shujaa gani, sijui, na sitakutungia. Nimelipata kwa mjane wa mwalimu wa bendi, aliyekuwa kalifanya chombo cha maua ya plastiki. Ukilinusa utasikia bado lina harufu ya sebule.

Mimi nikilipuliza linalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Lakini mpiga bendi wa harusi alipita dukani akalijaribu, wapita njia wakasimama. Kasoro nyingine mimi siijui.

Nalituma. Usinilipe chochote mpaka mwenye mapafu yake alipulize aridhike. Asiporidhika, lirudishe, hatutagombana. Ndivyo ninavyouza, na ndiyo maana sijatajirika.

Mama Vyuma


21 Mei

Dada yangu Mama Vyuma,

Marahaba, na samahani kwa ubwana niliokuvika. Mke wangu kafurahi sana kusikia mume wako alikuwa wa kupangusa vumbi. Kanipa kitambaa.

Tarumbeta limefika. Nimehesabu mabaya yote uliyoyataja nikayakuta mahali pake, hata ile harufu ya sebule. Nikasema moyoni, nimempata mtu. Nililificha kabatini mpaka Jumamosi, nikalipeleka kwa kinyozi limefungwa gazeti lako lilelile lenye anwani, nikamkabidhi Koplo mbele ya watu. Mama we! Mzee yule alilishika kama amerudishiwa mtoto aliyepotea sokoni. Akalipapasa pale palipobonyea, akasema, "Hata mimi nimebonyea hapahapa."

Tukapiga kelele apulize. Akakataa. Akasema tarumbeta la jeshi halipigiwi kati ya nywele za watu, na tena alikuwa amekunywa chai. Akaondoka nalo kwapani, mgongo umenyooka, utadhani ni kuruta.

Mwenyekiti wa chama alikuwa kwenye kiti, sabuni imejaa mashavuni. Kasema kama una mikanda ya zamani yenye vifungo vya shaba, ataagiza kwako ya wazee wote tuivae siku ya gwaride. Unaona? Nimekuletea mteja akiwa nusu kanyolewa.

Babu Sufuria, mpata wauzaji


29 Mei

Kwako wewe Mama Vyuma,

Leo sikusalimii.

Koplo kanirudishia tarumbeta kupitia dirishani, kama mtu anayetupa maji machafu. Anasema ni bandia. Anasema limefinyangwa majuzi tu, likalowekwa kwenye siki lipate uzee, na ndani halina sauti, lina upepo. Nikamwambia, "Koplo, labda hujalizoea." Akaniambia, "Wewe ulizoea mwiko. Usinifundishe tarumbeta." Akafunga dirisha.

Dada, nilikuamini. Kumbe zile kasoro ulizonitajia zilikuwa chambo! Umenionyesha dogo ili unifiche kubwa. Wale wezi wengine walinidanganya kwa sifa, wewe umenidanganya kwa aibu, na huo ni wizi wa mtu aliyesoma.

Basi nimekwenda kwa kinyozi nikakutangaza. Nimesema wewe ni tapeli kuliko wote, na waliokuwepo wamebeba habari kila mmoja kwa mtaa wake. Mwenyekiti kafuta mikanda. Mkusanyaji mwenzangu wa mtaa wa pili, aliyekuwa anataka kukuandikia kuhusu darubini, kachana anwani yako. Na Koplo kawaambia chama gwaride lifanyike bila mwito, yeye hatapiga tena kitu chochote.

Nikipata boksi nitalirudisha.

Babu Sufuria


30 Mei

Kwa Mama Vyuma,

Habari za kazi. Hatujuani. Anwani yako nimeichukua kwenye gazeti lililofungia tarumbeta. Naandika bila Babu Sufuria kujua, na naomba iwe hivyo hadi mwisho.

Tarumbeta ni zima. Ni zuri kuliko lile nililokuwa nalo kambini. Kilichokufa ni kifua changu. Nilijifungia chumbani, nikaziba dirisha kwa blanketi, nikapuliza mpaka nikaona nyota. Linatoka pumzi tupu. Daktari alishaniambia mwaka jana, sikumwambia mtu. Ndiyo maana nililikataa la vijana. Nilidhani la zamani halitapatikana, na mambo yataishia hapo kwa heshima. Sikujua mpishi yule ana ukaidi ndani yake.

Niliposema ni bandia nilidhani atanuna siku moja tu. Sikujua atakwenda kukuvunjia jina. Nimemsikia kupitia ukutani akimsimulia mkewe, nikashindwa kula.

Watu hapa wananiita Koplo, lakini maana yake ni mpiga tarumbeta. Hilo likiondoka sijui nitaitwa nani. Nakuomba ulipokee likirudi, gharama ni zangu, na usiseme kitu.

Koplo


6 Juni

Mzee wangu Koplo,

Shikamoo.

Siri yako umeiweka kwenye kabati lenye kufuli. Haitoki.

Ila nami nikuombe uelewe jambo moja. Kuhusu bidhaa zangu sisemi uongo, wa kuzisifu wala wa kuzichafua. Nikiulizwa kama tarumbeta lile ni bandia, nitasema si bandia. Nikiulizwa kwa nini basi halikulia, nitanyamaza. Hapo katikati ndipo ninapoweza kusimama. Zaidi ya hapo siwezi, hata kwa mzee ninayemheshimu.

Pole kwa kifua.

Mama Vyuma


6 Juni

Mzee wangu Babu Sufuria,

Usiponisalimia wewe, mimi nakuamkia. Shikamoo.

Tarumbeta si bandia, na halina kasoro niliyokuficha. Lirudishe kama tulivyokubaliana. Lifunge vizuri shingoni, pale penye lehemu, lisije likavunjika njiani tukapata ugomvi wa pili.

Kuhusu uliyoyasema kwa kinyozi, sina la kukuambia. Wateja wawili wa mji wenu wameshanirudishia barua zangu bila kuzifungua. Nitauza kwingine.

Mama Vyuma


13 Juni

Dada yangu Mama Vyuma, dada mwema, dada mvumilivu,

Marahaba, marahaba, na marahaba nyingine ya akiba.

Barua yako ilinikera. Tapeli hutetea, hulia, huapa kwa mama yake. Wewe umeniambia nifunge shingo vizuri. Nikasema, huyu mwanamke ni mwizi wa ajabu. Nikatafuta boksi.

Mke wangu ndiye aliyekuwa analifunga. Akalipangusa, akaliangalia kwa ndani, akasema, "Hivi hili linapulizwa wapi?" Nikamwambia acha, limekufa hilo. Sasa dada, huyu mwanamke amepuliza jiko la mkaa tangu aliponioa, yaani nilipomwoa. Akalibandika mdomoni, akavuta pumzi, akalipuliza kama anawasha moto wa masika.

Lo! Vikombe vilicheza kabatini. Paka katoka kwa dirisha lililofungwa nusu. Muuza maziwa barabarani alisimamisha baiskeli akavua kofia. Sauti ilikuwa moja, ndefu, safi, ya shaba ya zamani ambayo hakuna siki inayoweza kuitengeneza.

Tukaangaliana. Na upande wa pili wa ukuta, kwa Koplo, kulikuwa kimya. Si kimya cha mtu ambaye hayupo. Kimya cha mtu aliyekaa kitandani na kusikia.

Hapo ndipo akili yangu, inayokuja polepole kama maharage makavu, ikaiva. Nikakumbuka anavyosimama katikati ya ngazi akijifanya anatazama ndege. Nikakumbuka ile chai. Mke wangu akaniambia, "Wewe mzee, si tarumbeta." Nikamwambia, "Najua. Nyamaza, ukuta huu ni mwembamba."

Sikulala vizuri, dada, na mimi hulala hata kwenye mazishi. Nikikusafisha wewe kwa kinyozi, namvua Koplo nguo hadharani. Nikimsitiri Koplo, wewe unabaki mwizi kwa ulimi wangu mwenyewe. Na hutajua jinsi lilivyonichoma wazo kwamba huenda wewe unajua, na umenyamaza. Sikuulizi. Usinijibu.

Asubuhi nikaenda kwa kinyozi. Nikangoja pajae. Nikasema: "Jamani, yule mama si tapeli. Kosa ni langu. Nilipolificha tarumbeta kabatini nilichomeka soksi ndani lisiingie mende, nikasahau kuitoa. Koplo wa watu kapuliza soksi!"

Kinyozi akasimamisha mkasi. "Soksi ya nani?"

"Yangu."

"Ilikuwa imefuliwa?"

"Sikumbuki."

"Basi Mungu mkubwa! Ndiyo maana mzee wa watu alikosa pumzi!"

Walicheka mpaka mmoja kakatwa sikio kidogo. Sasa mimi si Babu Sufuria tena. Naitwa Babu Soksi, hata kwa muuza magazeti. Mimi niliyekuwa nasimulia vita! Lakini mwenyekiti kasema ile mikanda uitume, na wa darubini kaniomba anwani yako upya. Nimemwandikia kwa herufi zilizosimama.

Tarumbeta silirudishi. Nimelitundika kwenye msumari wa mlango wa Koplo nikaondoka.

Babu Soksi, kwa sasa


15 Juni

Kwa Mama Vyuma,

Hakukuwa na soksi. Mimi ndiye niliyelifungua lile gazeti, najua kilichokuwemo.

Leo watoto wa mtaa wamemwimbia mpishi wimbo wa soksi kutoka dukani mpaka kwake, naye anawaongoza kwa mwiko kama mkuu wa bendi. Nilikuwa dirishani. Hakunitazama.

Miaka yote ya kambi nilidhani mimi ndiye askari na yeye ni wa jikoni.

Nimelitoa tarumbeta kwenye msumari. Lipo mezani. Gwaride ni Jumapili ya mwisho wa mwezi huu. Sijui nitafanya nini. Nimeona nikuandikie, maana wewe pekee naweza kukuambia kwamba naogopa.

Koplo


30 Juni

Dada Mama Vyuma,

Vumilia mwandiko, nacheka.

Gwaride limefanyika. Tulijipanga uwanjani na mikanda yako, matumbo yamebanwa, tunang'aa kama bomba jipya. Mgeni rasmi kakaa mbele, kavaa tai. Mwenyekiti akatangaza kwamba mwaka huu hakuna mwito. Mara tukasikia buti. Koplo huyo, sare kamili, tarumbeta kwapani. Akasimama mbele yetu, akapiga saluti, akasema kwa ile sauti yake ya amri:

"Hakukuwa na soksi. Kifua changu ndicho kilichochoka, nikaona haya, nikalisingizia tarumbeta. Mpishi kajichafua ili mimi nibaki safi. Na yule mama aliyetuuzia alijua, nilimwandikia mwenyewe, na hakuniuza hata nyinyi mlipomuuza yeye. Mkitaka muuzaji wa kumwamini, ndiye huyo. Sasa nitapiga. Nitakapoishia ndipo nilipoishia."

Dada, ulijua! Nilikuambia usinijibu, na kweli hukunijibu. Mimi ningepasuka.

Akapiga. Sauti ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, ya tatu ikatetemeka ikakatika. Koplo kafumba macho, anatafuta hewa. Sijui ni nani aliyeanza, watu wanasema ni mimi lakini siku hizi sijisifu, basi wazee tukaupokea mwito kwa midomo iliyofungwa, tunavumisha sauti tu, palepale alipouachia. Alipopata pumzi akatupokea, akaenda mbele kidogo, akatuachia tena. Hivyo hivyo, yeye na sisi, mpaka mwisho. Wenzetu waliotangulia hawajawahi kukumbukwa polepole namna ile. Mgeni rasmi alidhani ndivyo mwito ulivyotungwa, akapiga makofi katikati, mwenyekiti akamshika mkono. Kinyozi alilia, na hakuwahi hata kuvaa buti.

Baadaye Koplo akanijia. Nilidhani atanikumbatia. Akasema, "Mpishi, ulikuwa unatoka nje ya sauti."

Nikamwambia, "Na wewe ulikuwa unatoka nje ya pumzi."

Tukaenda kula.

Wateja utawapata, jiandae. Mwenyekiti katoa anwani yako kwa kipaza sauti. Malipo ya tarumbeta yamo humu ndani, Koplo kalipa mwenyewe, kakataa nisaidie.

Sasa, dada, sitaki asante, lakini nimetembea mji mzima na jina la soksi kwa ajili ya duka lako, kwa hiyo kafadhila kadogo unanidai, yaani nakudai. Daktari amesikia habari za gwaride, akamwambia Koplo apulize kidogo kidogo kila siku, eti ni dawa ya kifua. Naye Koplo, dawa anaitumia alfajiri, kitandani, ukuta kwa ukuta na kichwa changu. Mke wangu anaamka anawasha jiko akidhani tumevamiwa. Humo dukani mwako, kati ya hivyo vyuma, hakuna kizibo cha tarumbeta? Hata cha zamani, hata kiwe kimebonyea. Nitakipenyeza kwake kama zawadi.

Ila kisizibe kabisa. Kizibe nusu tu. Ile nusu nyingine naitaka, nijue kwamba kaamka.

Wako,
Babu Soksi